Kabati la Vikombe

Julai, Riruta, saa tatu asubuhi,
baridi imeingia bila kubisha hodi.
Watawa kumi na mmoja, sweta juu ya sweta,
na karatasi moja katikati ya meza.

Sista Leokadia ana mwandiko mzuri,
basi yeye ndiye kalamu yetu. Ameandika:
Sisi, jumuiya hii, tunajifunga
kupinga ubaguzi wa rangi popote ulipo.
Tukaitikia kwa vichwa.
Popote: neno pana, neno jema,
halina mlango, halina namba ya nyumba.
Mtu aweza kulitilia sahihi
na bado akaiwahi chai ya saa nne.

Ndipo Sista Mechtilda akakohoa.
Miaka themanini na tisa, goti la chuma,
Kiswahili chake kingali na changarawe za kwao.
Akafungua mkoba wa dawa
akatoa ufunguo, mdogo, wa shaba,
shingo imeshika kutu.

"Andika kabati," alisema.
"Andika kwamba mwaka wa hamsini na tisa
masista wa kwanza wa hapa walivaa shela ileile,
wakaweka nadhiri zilezile, kwa Kilatini kilekile,
na jioni wakanywea bati.
Sisi tulinywea kauri, yenye ua la buluu.
Aliyefunga ni mimi.
Sikushikiwa fimbo. Niliambiwa, nikaona sawa.
Na hilo andika: niliona sawa."

Nikamkumbuka Sista Bibiana Wanjugu,
aliyefua mashuka ya nyumba hii miaka thelathini na moja,
ambaye hadi anakufa alikuwa akiificha bati yake
chini ya kitanda, kama mwizi.
Tulidhani ni uzee.

Kalamu ya Leokadia ilisimama kama punda darajani.
Na sisi weusi wa meza ile, nakiri,
tulikaa wima kidogo.
Haki ina joto lake asubuhi ya baridi.
Tuliiota kama jiko la makaa,
viganja wazi.

Kisha Nyandeng,
mnovisi wa mwaka wa pili, mtu wa Bor,
asiyesema mpaka aulizwe, akasema:
"Na taa?"

Taa gani, mwanangu?

"Ya jikoni. Kila umeme ukipotea
yuko anayesema, Nyandeng, cheka basi tuone uliko.
Hucheka wote. Nami hucheka,
nisije nikaambiwa sina unyenyekevu."

Hakutaja jina. Hakunitazama hata.
Alikwangua nta ya mshumaa mezani, kwa ukucha.

Ni mimi, Mwikali,
mwalimu wa katekisimu wa Kawangware kila Jumamosi,
ninayewaambia watoto Mungu hana rangi aipendayo;
mimi niliyempakata mtoto wa dada yangu
nikasema, tushukuru, huyu kachukua weupe wa mama.
Mkuki ulikuwa mtamu
ulipoelekea kwa Mechtilda.

Nikasema, "Ni mimi."
Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine.

Leokadia akakata neno popote
kwa mstari mmoja; likaendelea kusomeka chini yake.
Akaandika: hapa. Akaandika: kabatini. Jikoni.
Akaandika majina mawili, la Mechtilda na langu,
akauliza kama nina "K" moja.
Moja, nikamwambia.

Kabati lilipofunguliwa mlikuwa na vikombe vinne tu
na buibui mmoja aliyekasirika.
Chai ya saa nne tuliinywa karibu saa sita.
Nilichukua bati.
Bati huchoma mdomo kabla chai haijauchoma;
sikuwa nikijua hilo.
Nyandeng hakuja kukaa nami, wala sikumtarajia.
Alikaa dirishani na Mechtilda
wakimenya njugu, hawasemi.

Jioni, baada ya Masifu, umeme ukapotea.
Jikoni kimya. Sufuria tu ikitokota.
Nikapapasa rafuni, nikaangusha chumvi,
nikapapasa tena.

"Kiberiti kiko kushoto," alisema Nyandeng.